Kuvuka Mto Wenye Mkondo

Mgeni akivushwa mto mpana kama Rufiji huona jambo la kumshangaza. Mvushaji hodari haelekezi omo ya mtumbwi penye bandari anayoitaka, bali huielekeza upande wa juu, kana kwamba amekosea njia. Naye hufika palepale.

Sababu ni hii. Mtumbwi una miendo miwili kwa wakati mmoja: mmoja hupewa na kafi, wa pili hupewa na maji. Aliyemo mtumbwini akiyatazama maji tu, huona mwendo wa kafi peke yake. Aliyesimama ukingoni huiona yote miwili imechanganyika. Wala hakuna kati yao asemaye uongo.

Basi, mwendo hauandikwi kwa hesabu tupu, maana una kadiri yake na una upande uendako. Huandikwa kwa mshale: urefu ni kadiri, ncha ni upande. Mshale wa namna hii huitwa vekta. Kujumlisha miendo miwili, mshale wa pili huanzia penye ncha ya wa kwanza. Kisha hupimwa toka mwanzo hata mwisho.

Tufanye mto una upana wa mita 400, maji yaenda kilomita 3 kwa saa, na kafi laupeleka mtumbwi kilomita 5 kwa saa. Mvushaji akielekeza omo ng'ambo moja kwa moja, atavuka kwa dakika 5 kasoro kidogo. Lakini maji yatakuwa yamemchukua mita 240 chini, na pengine huko ni matete na mamba, si njia.

Ili afike mkabala wa alipotoka, chora hivi. Toka A piga mstari wa kukata mto. Tena toka A chora mshale wa mkondo, sentimita 3, hata B. Tanua bikari sentimita 5, simamisha mguu wake B, ukate ule mstari penye C. Mshale wa B hata C ndio upande wa kuelekeza omo. Pima A hata C: ni sentimita 4. Maana yake mtumbwi utavuka kwa kilomita 4 tu kwa saa, na safari itakuwa dakika 6. Amechelewa kidogo, lakini amefika penye njia.

Sasa masika yakiongeza mkondo hata kilomita 6 kwa saa, mshale wa mkondo utakuwa sentimita 6, na bikari ya sentimita 5 haitaufikia mstari kabisa. Hapo hakuna upande wowote wa kuelekeza omo utakaomfikisha mkabala, kwa nguvu zile zile za kafi. Mvushaji mwenye akili huukokota mtumbwi kwanza kando ya ukingo, mbali upande wa juu, ndipo aanze kuvuka.