Filamu Zinazozaliwa na Makosa ya Mashine

Akili mnemba iliingia katika filamu za majaribio ikiwa bado haijui kutunga sentensi ya kueleweka, na wasanii wakaiona hali hiyo kuwa neema. Mwaka 2016 muongozaji Oscar Sharp na mtaalamu wa programu Ross Goodwin waliilisha kompyuta makumi ya miswada ya filamu za kubuni za kisayansi. Programu hiyo, inayoitwa Benjamin, ilijifunza herufi ipi huandamana na ipi, kisha ikaandika mswada wake. Ndipo ikazaliwa Sunspring, filamu ya takriban dakika tisa iliyotengenezwa kwa ajili ya shindano la saa 48 la Sci-Fi London.

Wahusika wake hawana majina, bali herufi: H, H2 na C. Maelekezo mengine hayatekelezeki, kama lile linalomtaka mhusika asimame kwenye nyota na papo hapo awe ameketi sakafuni. Mzigo ukawaangukia waigizaji. Maneno hayakuwa na maana. Wao wakayatia wivu, uchungu na hofu, hata mtazamaji akahisi anashuhudia mapenzi ya watu watatu yakivunjika. Utamu wa filamu hiyo umo katika sauti na nyuso zao zaidi kuliko katika kompyuta.

Mwaka huohuo, huko London, Terence Broad alitengeneza programu inayobana kila picha ya Blade Runner, filamu ya 1982, ikabaki namba 200 tu, kisha kuichora upya kutokana na namba hizo. Picha zilirudi zimefifia, mfano wa kumbukumbu ya mtu aliyeitazama filamu zamani. Hakuichagua ovyo: Blade Runner yenyewe inahusu ugumu wa kumtofautisha binadamu na nakala yake.

Kuilisha mashine kazi za wengine bila ridhaa yao ni jambo linalowauma wasanii wengi, na wana haki. Anna Ridler, msanii wa Uingereza, alipita njia ya taratibu zaidi: mwaka 2017 aliifundisha mashine kwa michoro yake mwenyewe ya wino, kama 200 hivi. Aliichora akifuata dakika nne za mwanzo za filamu bubu ya 1928 iliyotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe kuhusu kuanguka kwa nyumba ya Usher. Mashine ikaachiwa ichore filamu nzima. Kadiri inavyosonga, inakutana na matukio ambayo haikufundishwa. Mistari inayeyuka, nyuso zinazama ukutani, na nyumba inapoporomoka, picha nayo imekwisha kuporomoka.