Je, Wajua? Kiangazi Kimoja cha Fasihi Ugenini

Je, wajua kwamba kimojawapo cha vitabu vikuu vya ushairi wa Kihispania wa karne ya 20 kilianzia kwenye kozi ambayo mwanafunzi wake hakufanya hata mtihani? Mwishoni mwa Juni 1929, Federico García Lorca, mshairi wa Granada aliyekuwa ndio kwanza ametimiza miaka 31, alishuka melini New York na kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Columbia kusoma Kiingereza pamoja na wageni wengine. Alipewa chumba bwenini, akahudhuria kwa muda, na siku ya mtihani hakuonekana. Kiingereza chake kilibaki cha kuombea maji.

Masomo yake halisi yalikuwa barabarani. Nella Larsen, mwandishi wa riwaya, alimtembeza Harlem, na humo Lorca akaona maisha ya Wamarekani weusi ambayo hakuyajua kabisa alipoondoka Hispania. León Felipe, mshairi mwenzake wa Kihispania aliyekuwa Marekani, alimfungulia mashairi ya Walt Whitman. Kozi ilipokwisha hakurudi nyumbani, na Oktoba soko la hisa la Wall Street lilipoporomoka, alikuwepo mjini kushuhudia watu wakipoteza kila kitu. Mashairi aliyoyaandika huko ni makali na ya kutisha, na hayafanani na lolote alilolitunga kabla. Yalikusanywa chini ya jina Poeta en Nueva York. Mwaka 1936 aliuacha mswada mezani kwa rafiki yake mchapishaji, José Bergamín, na ujumbe kwamba angepita tena. Agosti mwaka huo alipigwa risasi na wafuasi wa uasi wa kijeshi. Kitabu kilitoka mwaka 1940.

Msomaji wa kwetu akumbuke kwamba kiangazi cha Ulaya na Marekani huangukia kipupwe chetu, Juni hadi Agosti. Vyuo hufungwa, mabweni hubaki matupu, na walimu wenye sifa huwa na nafasi. Hapo ndipo kozi za kiangazi za wiki sita au nane zilipopata mlango. Kwa jinsi zilivyo fupi, ni rahisi kuzidharau.

Je, wajua kwamba mara nyingine anayebadilika zaidi ni mwalimu? Kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kiangazi cha mwaka 1932 Katherine Reding, Mmarekani aliyelelewa Kansas, alikwenda Madrid kwenye kozi ya wageni. Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa tayari anafundisha Kihispania katika Chuo cha Smith, Massachusetts, ila aliona kuna la kujifunza kwa wenyewe. Siku moja aliingia kwenye mhadhara kuhusu waandishi wa Kizazi cha 1898, na mhadhiri alikuwa Pedro Salinas, mshairi wa miaka 40, mwenye mke na watoto wawili. Salinas alimpenda papo hapo. Reding aliporudi Marekani, barua zikaanza kuvuka bahari, na pamoja na barua, mashairi.

Mwaka 1933 ilitoka La voz a ti debida, ambayo wengi huihesabu kuwa diwani bora ya mapenzi ya Kihispania ya karne hiyo. Razón de amor ilifuata mwaka 1936, na ya tatu, Largo lamento, ilichapishwa baada ya mshairi kufariki. Kwa miongo kadhaa hakuna mhakiki aliyejua mashairi yale yalielekezwa kwa nani. Leo Spitzer, bingwa wa uchambuzi wa mitindo, alimchukua mwanamke anayesemeshwa humo kuwa zao la fikra za mshairi mwenyewe. Kumbe alikuwa mwalimu mwenzao, anaishi Massachusetts, anasahihisha kazi za wanafunzi, na amenyamaza. Mwishoni mwa maisha yake bibi huyu, ambaye kwa ndoa aliitwa Whitmore, aliikabidhi maktaba ya Houghton ya Chuo Kikuu cha Harvard barua zaidi ya 300 alizoandikiwa, kwa sharti zikae miaka mingi kabla ya kuchapishwa. Zilitoka kitabuni mwaka 2002, miaka 70 baada ya mhadhara ule.

Haikuwa hadithi ya furaha kwa kila mtu, na mke wa Salinas aliumia sana. Lakini ukiuliza kozi ile ya Madrid ilizaa nini, cheti ni kitu cha mwisho kabisa cha kutaja.

Salinas mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa masomo ya kiangazi. Agosti mwaka huohuo wa 1932 serikali ya Jamhuri ya Hispania ilianzisha chuo kikuu cha kimataifa cha kiangazi huko Santander, ndani ya jumba la Magdalena, ambamo awali mfalme alikuwa akipumzikia miezi ya joto. Salinas akawa katibu mkuu wake. Lorca naye alikipeleka huko kikundi chake cha maigizo, La Barraca. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikatiza yote mwaka 1936, na Salinas akaondoka kwenda kufundisha Marekani. Hakurudi tena kuishi kwao. Chuo kipo hadi leo, kwa jina la Menéndez Pelayo, na jumba ni lilelile.

Je, wajua kuhusu kasri la Leopoldskron? Hapa pana jambo zito zaidi kuliko mapenzi. Mwaka 1947 vijana watatu wa Harvard, yaani Clemens Heller mzaliwa wa Austria, Richard Campbell, na mwalimu kijana Scott Elledge, waliamua kuwakutanisha vijana wa Ulaya wasome fasihi na maisha ya Marekani kwa kiangazi kimoja. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu. Walipata kasri kando ya ziwa mjini Salzburg, Austria, lililokuwa la Max Reinhardt, mwongozaji mashuhuri wa tamthilia. Reinhardt alikuwa Myahudi. Wanazi walimpokonya jumba hilo mwaka 1938, naye akafia New York mwaka 1943. Mjane wake, mwigizaji Helene Thimig, ndiye aliyekubali litumike.

Wakakusanyika karibu wanafunzi mia moja kutoka nchi nyingi, zikiwemo zilizokuwa zikipigana juzi tu. Waliokuwa wameshika bunduki pande mbili tofauti walikaa meza moja. Wahakiki F. O. Matthiessen na Alfred Kazin walifundisha fasihi ya Marekani, na Margaret Mead akafundisha anthropolojia. Matthiessen aliguswa mno hata akaandika kitabu, From the Heart of Europe, kilichotoka mwaka 1948. Mpango uliokusudiwa kuwa wa kiangazi kimoja haujakoma hadi sasa, ingawa mada zimepanuka. Mwaka 1954 chama cha wasomi wa Ulaya wanaochunguza mambo ya Marekani kiliundwa katika mji huohuo wa Salzburg.

Je, wajua kwamba mshairi Mwingereza William Wordsworth alitoroka vitabu? Mwaka 1790, akiwa na miaka 20, ndugu zake walitaraji atumie likizo ya Cambridge kujiandaa na mitihani. Badala yake, yeye na rafiki yake Robert Jones walitia pauni 20 kila mmoja mfukoni, wakafika Calais Julai 13, mkesha wa sherehe za mwaka mmoja wa kuanguka kwa Bastille, wakavuka Ufaransa hadi milima ya Alpi, kwa sehemu kubwa wakitembea kwa miguu. Safari ile imo katika kitabu cha sita cha shairi lake refu, The Prelude, kilichochapishwa mwaka 1850, miaka 60 baadaye.

Na je, wajua kwamba kozi nyingine zilibuniwa hasa kwa ajili ya walimu wa shule? Skuli ya Bread Loaf ya Chuo cha Middlebury, Vermont, ilianza mwaka 1920, na walimu wa fasihi husoma humo shahada ya uzamili kiangazi baada ya kiangazi, bila kuacha kazi. Tangu miaka ya 1970 wanaweza kuchukua muhula mmoja Oxford, katika Chuo cha Lincoln.

Wazo hilo ningependa kuliona huku kwetu. Zanzibar hupokea wageni wa kiangazi wanaokuja kujifunza Kiswahili, wakiwemo wale wa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, sasa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Lakini mwalimu wa Tabora au Songea anayefundisha Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu fahari ya Pate iliyogeuka magofu, ni nadra awe amefika Pate. Kisiwa kipo Kenya, jirani na Lamu, na magofu yanaonekana. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye ni wa Pate. Wiki tatu za likizo ya Juni zinatosha kuwasoma wote wawili palepale, pamoja na wazee wanaozijua beti hizo kwa moyo.