Kweli au Uongo: Yanayosemwa Mimba Inapochelewa

"Mume mwenye nguvu hawezi kuwa na tatizo."
Uongo, na ndio unaopoteza miaka mingi kuliko wote. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa jogoo wa mtaa na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Lakini tazama mambo yanavyokwenda: mke anapigwa ultrasaundi, anapigwa picha ya mirija inayouma, anapelekwa kwa mganga wa chango, mawifi wanahesabu miezi. Mume yuko nyumbani anasubiri majibu ya mkewe.

Na kipimo chake hakina hata sindano. Anakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, kisha anatoa manii kwa mkono kwenye kikopo cha maabara, bila sabuni wala mate, maana vyote vinadhuru mbegu. Akitolea nyumbani, kikopo kisafiri karibu na mwili kisipoe, kifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa: mbegu hutengenezwa kwa takriban miezi miwili na nusu, hivyo homa kali ya mwezi jana inaweza kuharibu majibu ya leo.

"Mbegu zikiwa chache, ndiyo basi tena."
Uongo. Mwaka 1992 watafiti wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Hata asiye na mbegu kwenye manii, wakati mwingine hupatikana chache kwenye korodani zenyewe.

"Dawa ya kusafisha kizazi huzibua mirija."
Uongo, hata iuzwe na nani na kwa ushuhuda gani wa WhatsApp. Mirija huziba kwa makovu: klamidia au kisonono kisichotibiwa, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kienyeji. Ndiyo maana hata aliyekwisha zaa anaweza kukwama kwa mtoto wa pili. Kovu haliyeyuki kwa kunywa chupa tatu za mizizi. Wapo wanaosaidiwa kwa upasuaji. Wengine hupandikizwa mimba, njia inayoiruka mirija kabisa. Ilianzia hapo hapo: Lesley Brown wa Uingereza alikuwa na mirija iliyoziba, na binti yake Louise, aliyezaliwa tarehe 25 Julai 1978, ndiye wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo.

"Mtoto wa chupa hukulia kwenye chupa."
Uongo. Yai na mbegu hukutanishwa kwenye kisahani cha maabara, kiinitete hukaa kwenye kabati lenye joto la mwili kwa siku tatu hadi tano, kisha huingizwa kizazini kwa mrija mwembamba. Kuanzia hapo ni mimba kama nyingine. Louise mwenyewe alizaa mwaka 2006, bila kupandikizwa.

"Ukiwa na pesa, mtoto unampata."
Uongo unaouma, kwa sababu mzunguko mmoja wa kupandikiza mimba Dar es Salaam hugharimu mamilioni ya shilingi, na mizunguko mingi haimalizikii kwa mtoto. Kinachoamua zaidi ni umri wa mayai. Baada ya miaka 42, wanaofanikiwa kwa mayai yao wenyewe ni wachache mno. Usiiulize kliniki ni wangapi wameshika mimba. Uliza ni wangapi wa umri wako wamejifungua. Kuna pengo kati ya namba hizo mbili, na matangazo hupenda ile kubwa.

"Dini zimekataza."
Inategemea dini. Kanisa Katoliki linakataa mimba kutungwa maabara, lakini halipingi dawa wala upasuaji wa kuwasaidia wanandoa washike mimba kwa tendo lao. Kwa upande wa Uislamu, Al-Azhar ya Misri ilitoa fatwa mwaka 1980 kuiruhusu njia hiyo, mradi yai ni la mke, mbegu ni za mume, na ndoa bado ipo. Mtu wa tatu haingii. Kwa wanaofuata fatwa hiyo, swali la kuiuliza kliniki kabla ya kulipa chochote ni jepesi: kila kisahani kinaandikwa majina ya nani, na ni watu wangapi wanaoyahakiki kabla yai na mbegu havijakutanishwa?