Programu za Mazoezi: Ni Nani Anayekuona?

Tangu mwaka 2016 majirani zetu wa Rwanda wamekuwa na siku maalumu ambapo baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari asubuhi ya Jumapili, na wananchi wakazitumia kwa kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Hakuna anayeita majina. Hata hivyo mtu hutoka nyumbani kwa sababu jirani yake ametoka.

Huko Kenya, katika kambi ya Kaptagat karibu na Eldoret, jambo hilo limefikishwa mbali zaidi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2 dakika 1 na sekunde 9, kwa miaka mingi alijiandaa hapo chini ya mwalimu wake Patrick Sang. Wanariadha walilala kambini siku za wiki, wakagawana zamu za usafi, na alfajiri wakatoka pamoja. Kipchoge mwenyewe aliandika mazoezi ya kila siku katika daftari. Asiyetokea alfajiri hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa karibu na cha mwenzake.

Askari hahitaji kuelezwa haya. Mchakamchaka ndio uliomfundisha kwamba miguu iliyochoka huendelea kwenda maadamu wa kushoto na wa kulia wanakwenda. Taabu huanza anapopangiwa kituo kidogo chenye watu watatu, au anapokwenda likizo. Hapo ndipo simu inapodai kuchukua nafasi ya kikosi.

Programu ya Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ilitokana na upungufu wa namna hiyo hiyo. Waasisi wake, Mark Gainey na Michael Horvath, walikuwa wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na baada ya masomo walikosa ule umoja wa timu. Wakatengeneza chombo kinachopima mwendo kwa setilaiti na kuwaonyesha wengine, nao wakapongeza. Fikra hiyo ni sahihi. Kasoro huingia pale mbunifu anapodhani kwamba watazamaji wakiwa wengi zaidi, bidii nayo itazidi. Orodha ndefu ya washindi humpendeza aliye juu. Aliye wa mwisho huacha kuifungua. Tena pongezi za mgeni asiyekufahamu hazina uzito wa swali la rafiki: “Jana ulikuwa wapi?”

Kwa watu wa ulinzi kasoro hiyo ni ya hatari. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia yenye njia zilizopitwa na watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akabainisha kwamba njia hizo zilionyesha kambi za kijeshi. Mijini ramani ilijaa mistari kila mahali, lakini katika nchi ambako raia wachache walitumia programu hiyo, kama Syria na Afghanistan, mistari michache iliyong’aa ilikuwa ya wanajeshi wa kigeni wakizunguka uzio wao. Hakuna aliyeiba siri. Zilitolewa na wenyewe kwa kukimbia. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni.

Basi programu iliyobuniwa vyema kwa askari ingekuwa na duara la watu wanne au watano waliochaguana. Kila mmoja angeahidi kazi ya wiki: siku tatu, dakika arobaini. Wenzake wangeona kwamba ahadi imetimizwa au la, basi. Si njia, si saa ya kutoka, si mahali. Akikosa siku mbili, taarifa iende kwa mmoja wao ili apige simu, isitangazwe kwa wote. Na aliyekesha lindoni, au aliyepewa ruhusa na daktari, aweze kusema hivyo bila kuhesabiwa mtoro, kwani chombo kisichotofautisha ugonjwa na uvivu hudharauliwa upesi.

Makampuni makubwa hayana haraka ya kutengeneza chombo cha aina hiyo, maana faida yao inategemea watazamaji wengi. Yamkini kazi hiyo itabaki kwa mafundi walio ndani ya majeshi yenyewe, nayo si ngumu: ahadi, alama ya ndiyo au hapana, na majina matano.