Hofu ya Mambo Mapya

Wengine huuliza, Je, kuogopa mabadiliko ni dhambi? Nami hujibu, La. Mimi mwenyewe huogopa kila nihamishwapo mtaa. Lakini hofu isitutoe kazini.

Wakumbukeni Wakristo wa Kilimanjaro. Mwaka 1920, baada ya vita kuu, serikali ya Waingereza iliwaondosha karibu wamisionari wote wa Leipzig, kwa kuwa ni Wajerumani. Kundi likabaki mikononi mwa walimu Wachaga, wala hapakuwa na mmoja wao aliyekwisha kuwekewa mikono ya uchungaji. Bila shaka waliogopa. Hata hivyo waliendelea kufundisha watoto na kuongoza ibada; na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, tangu mwaka 1925, walikuta makanisa yamesimama.

Basi, baba, wewe uogopaye kwa kuwa mtoto aenda mbali kusoma, nawe mama uliyepotewa na mwalimu uliyemzoea, jioni hii wakusanyeni watu wa nyumba, msome Yoshua, sura ya kwanza. Musa amekwisha kufa, mto uko mbele, na watu waamriwa kutengeneza chakula cha njiani.