Anayeruka Ajifunze Kutua

Wazazi wengi hufurahi wamwonapo binti yao akiruka juu kwenye mpira wa wavu na kupiga mpira kwa nguvu. Ni wachache wanaotazama anavyorudi chini. Kumbe goti mara nyingi huumia wakati wa kutua.

Ndani ya goti kuna kano imara inayounganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mchezaji akitua miguu ikiwa imenyooka, au magoti yakiingia ndani na kuelekeana, kano hiyo huweza kukatika. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana waliokwisha kuvunja ungo huipata ajali hii zaidi kuliko wavulana.

Lakini kutua hufundishika. Huko Cincinnati, Marekani, wasichana wa sekondari wanaocheza mpira wa wavu walifanyishwa mazoezi ya kuruka kwa wiki 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: kishindo cha kutua kilipungua kwa asilimia 22 hivi, na kimo cha kuruka kikaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Basi mazoezi haya humlinda mchezaji na pia humsaidia kushinda.

Afundishweje?

1. Kwanza apashe mwili joto kwa dakika 10, kwa kukimbia polepole.

2. Atue kwa miguu miwili, sehemu ya mbele ya wayo ikitangulia, kisha kisigino. Akunje magoti na nyonga kama mtu anayetaka kuketi kigodani. Goti lielekee vinakoelekea vidole.

3. Wiki 2 za kwanza aruke palepale, atue kimya, atulie akihesabu hadi 5. Wiki 2 zifuatazo aruke mbele na kando. Wiki 2 za mwisho aruke kama anayezuia mpira wavuni.

4. Siku 3 kwa wiki zatosha, akipumzika siku moja katikati. Magoti yakianza kuingia ndani, amechoka, aache.

5. Afanyie mazoezi kwenye nyasi au mchanga ulioshikamana, si kwenye saruji.

Akiumia je?

Akisikia goti limelia "ta!", kisha likavimba saa chache baadaye, asiendelee kucheza. Asichuliwe, asivutwe mguu, wala asikandwe kwa maji ya moto. Hayo huzidisha uvimbe. Mlazeni, inueni mguu juu ya mto, wekeni kitambaa cha maji baridi, kisha mpelekeni hospitali hata kama maumivu yamepungua. Goti lililokatika kano huweza kutulia kwa wiki chache, halafu likateguka tena na kuharibika zaidi.

Wazazi na walimu, siku ya mazoezi simameni kando ya uwanja msikilize. Mtoto anayetua kwa kishindo kikubwa bado hajafundishwa. Aanze sasa, kabla ya mashindano.