Je, Wajua? Kibao cha "Mbwa Kali" Hakimkingi Mwenye Mbwa
Je, wajua kwamba kibao cha "Mbwa Kali" kilichotundikwa langoni kule Buruburu au Umoja kinaweza kumgeukia mwenye mbwa mahakamani? Kanuni za sheria ambazo Kenya ilirithi kutoka Uingereza humbana anayefuga mnyama huku akijua ukali wake, na kibao hicho ni ushahidi kwamba alijua. Hata mbwa mpole, akiachwa azurure na kumwangusha mwendesha bodaboda, mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Majeruhi ana miaka 3 ya kufungua kesi. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Ukijeruhiwa, tafadhali tunza picha za majeraha na karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza.